Kiganja au Kidole

Bibi yangu, Micaela Tzoc, alikuwa na mdomo mkali na mkono wa kupika usiokosea. Kila msichana wa kijiji chetu, huku milimani juu ya mji wa Momostenango, maumivu ya mwezi yakimzidi aliletwa kwake amejikunja, akaondoka amenyooka. Chungu chake hakikupoa. Ndani mlikuwa na pericón, yale maua madogo ya manjano yanayonukia kama bizari tamu, pamoja na majani ya mparachichi na kijiti cha mdalasini. Kando kulikuwa na uji wa mahindi uliotiwa kakao, na kuku aliyezeeka akipatikana, supu yake yenye mnanaa. Limau hakutaka hata kulisikia likitajwa. Maji baridi vilevile.

"Damu ni ya moto," alisema. "Ukiimwagia baridi inaganda, na wewe unaganda nayo."

Lakini hakuna aliyepewa kikombe kabla ya mtihani. Bibi alisimama mbele yako akasema, "Weka mkono panapouma." Msichana akifunika tumbo kwa kiganja kizima, alipewa. Akionyesha kwa ncha ya kidole, hakupewa hata tone. Bibi alimwita mama yake na kuwaamuru waende hospitali ya mjini siku hiyohiyo.

"Mwezi hauonyeshwi kwa kidole," alisema.

Watu walimcheka kwa hilo, lakini walimcheka zaidi kwa bafu lake. Kila nyumba kwetu ina chuj, kibanda kifupi cha udongo ambamo mawe huchomwa, yakamwagiwa maji ya majani, ukakaa kwenye mvuke mpaka mifupa ilainike. Mlangoni hutundikwa blanketi zito la sufu. Bafu la bibi halikuwa na blanketi. Nusu ya mvuke ilitoka nje kuwaogesha kuku.

"Nan Micaela," jirani yetu Pascuala alimtania, akimwita Nan, yaani mama, kama wote, "mji mzima unafuma mablanketi, wewe umekosa moja?"

"Ninayo kumi na mawili."

"Basi tundika hata moja, tusitoke humu na mafua!"

"Anayetaka kufungiwa akafungiwe kwake."

Sababu niliijua nusunusu. Mama aliwahi kuninong'oneza kwamba bibi alikuwa na mdogo wake, Juana, aliyefariki akiwa na miaka kumi na mitatu. Alishikwa na tumbo, wakadhani ni mwezi, wakampa pericón na kumwingiza bafuni. Bibi, mwenye miaka kumi na mitano wakati huo, ndiye aliyeachiwa blanketi la mlangoni alishike. Zaidi ya hapo, mama alisema, usimuulize. Sikumuuliza. Lakini nilimwona. Kila alipomaliza kuwagawia wengine, alimimina kikombe kimoja cha ziada, akakiweka kwenye kizingiti cha bafu, kisha akakaa kando yake akitazama mle gizani. Nilikiogopa kizingiti kile. Nilikuwa tayari kuzunguka nyumba nzima ili nisikipite.

Nilikuwa na miaka kumi na minne maumivu yaliponianza, asubuhi moja ya mvua. Yalianzia kitovuni, yakateremka upande wa kulia, yakakaa pale kama kijiwe ndani ya kiatu. Siku hiyohiyo nikaingia mwezini. Nilijua vizuri kwamba yale ya kulia yalikuwa ya kuonyeshwa kwa kidole. Lakini nilikuwa nimeshamsikia Pascuala akisimulia habari za hospitali: "Wanakupasua kama kuku, mwanangu, wanachungulia, halafu wanakushona kwa uzi wa viatu." Basi bibi aliposimama mbele yangu, nilifungua kiganja nikafunika tumbo lote.

"Lote?"

"Lote, Bibi."

"Na jasho hilo?"

"Ni moto wa jikoni."

Nilimdanganya bibi yangu macho kwa macho, Mungu anisamehe. Nilikunywa kikombe changu, nikaenda nyuma ya nyumba nikakitapika, nikafukia kwa mguu. Niliporudi aliniingiza bafuni. Mvuke ulipopanda maumivu yalilegea kidogo, nikajiona mjanja. Kisha yakarudi na wenzake. Nakumbuka mwanga wa ule mlango ulio wazi, miguu ya bibi, na mkia wa kuku. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Bibi alinitoa, akanifunga mgongoni kwa mtandio kama mtoto mchanga, yeye mwenye miaka sitini na minane, akateremka njia ya tope hadi barabarani. Alisimama katikati, mbele ya pikapu ya muuza kabichi. Dereva alifunga breki, akaanza kumtukana.

"Utanitukana tukienda," bibi alimwambia, akapanda.

Nilipasuliwa mchana ule, kidole tumbo kikatolewa. Daktari alimwambia mama kwamba wangechelewa hadi jioni, asingekuwapo mtu wa kupasuliwa. Nilipofumbua macho, bibi alikuwa kando ya kitanda, mtandio wake bado una tope.

"Nani alikwambia, Bibi? Mimi nilifunika kwa kiganja."

"Najua ulifunika. Mwongo mkubwa wee." Alinipangusa midomo kwa kitambaa. "Uliita, Tomasa. Ulisema, 'Kela, nifungulie, linauma hapa.'"

"Kela ndiye nani?"

"Mimi."

Nilidhani anatania. Nilimtazama, nikaona hatanii.

"Juana akiwa mdogo hakuweza kutamka Micaela," alisema. "Tangu alipokufa hakuna aliyeniita hivyo. Hata mama yako hajui. Naye aliniambia vilevile, kutoka nyuma ya blanketi: 'Kela, nifungulie, linauma hapa.' Nikamjibu, 'Vumilia, sote tunavumilia.' Nikalishika blanketi kwa mikono miwili. Aliita mara tatu. Ya nne hakuita."

Mwili wangu ulisisimka, mshono na vyote. "Lakini bafu lako halifungwi, Bibi. Ningetaka nifunguliwe nini?"

"Ndiyo maana nilikimbia," alisema.

Nilirudi nyumbani siku ya tisa, nimeshika tumbo, natembea kama mzee. Kizingiti cha bafu kilikuwa kitupu. Mlangoni palitundikwa blanketi jipya la kijivu, zito, na ndani Pascuala alikuwa akipiga kelele kwamba leo, kwa mara ya kwanza, ameoga kama mtu. Bibi alikuwa kwenye kigoda, akimimina vikombe. Nilivihesabu. Vilikuwa sawasawa na sisi tuliokuwapo.

"Na cha Juana?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

"Hakihitaji. Ameshatoka."

Alisema hivyo kama anayezungumzia mtu aliyekwenda sokoni, akanipa changu. Kikombe changu hakijafika nusu, aliinuka. Alikwenda hadi mlangoni pa bafu, akaliinua blanketi kidogo kwa kidole kimoja.

"Pascuala, upo?"

"Nipo! Funga, mvuke unatoka!"

Akafunga. Hakurudi kwenye kigoda. Alibaki palepale, sikio kwenye blanketi, halafu akaliinua tena.

"Pascuala, upo?"