Aliambiwa aje peke yake kwenye documentary ya mwanae, akaja na chama kizima

Wakuu, habari za humu. Nawapa kisa hiki kama nilivyokiona, chumvi sijatia. Mwenye haraka apite.

Niko Brussels. Wakati huo WhatsApp ndiyo inaanza kukolea, nilikuwa mpangaji wa Maman Charlotte pale Ixelles, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi.

Mwanae Didier, msomi wa chuo kikuu, akamwalika kwenye screening ya documentary. Inamhusu profesa wake, bibi wa Kibelgiji aliyekuwa wa kwanza chuoni kwao kutafiti utamaduni wa mashoga, kipindi ambacho wenzake waliona aibu hata kulitaja neno lenyewe. Didier naye anaongea humo.

Akamsisitiza mama yake aje peke yake.

Sasa wapi mliona mama wa Katanga anakwenda peke yake kumwona mwanae kwenye screen? Alichosoma kwenye poster ni jina la Didier tu. Wakongo wenzake wa chama nao hawakuuliza filamu ni ya nini. Papa Gaston, mwenyekiti wa chama chao, akaamuru kitenge sare. Bukari, ndiyo ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, vikapikwa vya kutosha harusi.

Tukaenda wote, nami nimebebeshwa sufuria hadi korido ya ukumbi, jirani na uwanja wa Flagey. Tulipoingia, wazungu wote wakatugeukia. Didier alipotuona akashika kichwa. Papa Gaston yeye alishafika kwa profesa, anapiga naye picha.

Filamu ikaanza. Didier akatokea, vigelegele.

Kisha akasema, kwa Kifaransa kilichonyooka, kwamba yeye ni shoga. Profesa ndiye mtu wa kwanza kumwambia kuwa si mgonjwa. Na mama yake atalijua hilo siku atakapoiona filamu hii.

Vigelegele vikakatika.

Papa Gaston akasimama, akaagiza watu wake watoke wasichafue macho. Huyu, kwa taarifa yenu, ana mke Molenbeek na mwingine Antwerp. Maadili anawatunzia wenzake.

Wakatoka wote. Mimi nilibaki, na msinipe ushujaa, nje kulikuwa na mvua.

Maman Charlotte hakuinuka. Alilia kimya kimya hadi mwisho, nami roho iliniuma kwa sababu sikujua analilia nini.

Taa zilipowaka, Didier alikuwa amesimama kando ya ukuta, hathubutu kusogea. Mama akamfuata, akamnyoosha kola ya shati.

"Kuya unisaidie kugawa chakula," akamwambia.

Wenye maadili walikuwa bado wamejaa kwenye korido, sombe inanukia. Papa Gaston akawa wa kwanza kusogea na sahani. Mama akampakulia profesa, akanipakulia mimi, kisha akafunika sufuria.

"Papa Gaston, weye ulitoka. Hii chakula ni ya benye walibakia."

Nilichojifunza wakuu: ukimsusia mtoto wa mwenzako, susia na sufuria la mama yake.

Haya, ingekuwa wewe ungekaa au ungetoka? Semeni ukweli, humu hatujuani.