Ufunguo wa Gari Langu

Bosi aliponinyang'anya gari alifanya kwa upole, na huo upole ndio ulionikera zaidi. Nilikuwa dereva wa watalii, mwanamke pekee katika kampuni yake hapa Karatu, na tumbo ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kuonekana chini ya sare. "Mama kijacho," akasema, "ile barabara ya kushuka kreta itakuumiza. Kaa stoo upumzike." Kupumzika gani! Huko stoo nilibeba katoni za maji na mitungi ya gesi, kila alfajiri, nikipakia kwenye magari ya wenzangu. Ufunguo wa gari langu akapewa dereva mpya, ambaye akifika geti la hifadhi tu ananipigia simu kuniuliza ashike njia gani. Khaa!

Wenzangu nao walinichosha. "Dada, si bora wewe, unakula mshahara umekaa." Nimekaa wapi? Mama yangu kule Ganako alipalilia mahindi na mimba yangu tumboni, na hakuna aliyemwonea huruma ya kumpokonya jembe. Nilichoogopa ni kitu kimoja: ukishatolewa barabarani kwa ajili ya mimba, hurudishwi tena. Leo unanyonyesha, kesho mtoto ana homa, keshokutwa gari lina mwenyewe.

Basi asubuhi moja bosi akaja stoo mbiombio, jasho linamtoka. Kuna wageni, mtu na mkewe, wanataka dereva wa kike na hawasikii lingine. "Ila uende polepole," akaninong'oneza, "yule mama ni mjamzito. Tumbo lake kubwa kuliko lako."

Nilimtazama, nikasubiri asikie mwenyewe alichosema. Wapi! Alikuwa amenyoosha mkono tu, ananipa ufunguo.

"Bosi, mimba yake yeye barabara haiiumizi?"

"Yule ni mgeni bwana, ametaka mwenyewe."

Nikasonya mbele yake, bila aibu. Nilishuka nao kreta, tukamwona faru, tukala lanchi boksi zetu kando ya bwawa la viboko. Kila tulipopita shimo, yule mama na mimi tulishika matumbo yetu tukacheka.

Jioni bosi alikuwa ananingoja uani, mkono mbele. "Kazi nzuri. Haya lete, kesho stoo."

"Na mimi nimetaka mwenyewe," nikamwambia. "Ufunguo nitakupa siku ya kwenda kujifungua. Nikitoka likizo utanirudishia kwa mkono huohuo." Nikausokomeza mfukoni, suruali imebana kweli, nikaenda kuosha gari langu.