Vitunga vya Karani Bonaventure

Bonaventure alikuwa na mwandiko mzuri kuliko makarani wote wa Uvira, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa yeye mwenyewe. Ukimpa barua atoe nakala tano, hujui ipi ya kwanza, ipi ya tano. Uhuru ulipofika, Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wake akaenda zake, naye akarithi kiti, mhuri na chupa ya wino. Kwa miaka minne aliamini kwamba uhuru wenyewe ndio huo.

Mwaka wa 1964 waasi waliingia mjini, ikasemekana wanawawinda watu wa kalamu. Bonaventure akavua tai, akazika mhuri nyuma ya nyumba yake ya mtaa wa Kasenga, akapanda milima ya Lemera na rafiki yake Térence, mwalimu wa darasa la tatu. Walipokewa na mjane mmoja, mama Generose. Ili wapate mikono ya watu wa kazi, akawafundisha kusuka vitunga vya kubebea mihogo.

Térence alisuka ovyo huku akicheka. Bonaventure alisuka vizuri, na balaa likaanzia hapo. Alipima kwa shubiri, akahesabu mistari: saba myeusi, mitatu juu, minne chini. Wiki ya tatu alipanga vitunga sita mlangoni, vyote sura moja, akakaa kusubiri sifa.

Mama Generose aliviangalia mpaka uso ukambadilika.

"Baba Bona, kitunga haiko barua," akasema. "Muntu akiona hizi sita, atajua weye iko karani. Atatuua sisi wote."

Siku hiyo maharage yaliivia kwa moto wa vitunga sita. Bonaventure hakula. Alichosuka kesho yake kilikwenda upande kwa woga, na kilichofuata kwa hasira. Cha tatu alimsukia mama Generose mwenyewe, aliyekuwa akiumwa kiuno; akakibana upande mmoja kimlalie vizuri mgongoni, akachomeka majani mekundu kwa sababu tu yalikuwa karibu. Kilipokwisha akagundua kwamba tangu asubuhi alikuwa amesahau kuogopa. Alifurahi sana, akaona aibu kufurahi vile.

Waasi walipofika, mkubwa wao alimkagua viganja, kisha akakiokota kile chenye majani mekundu. Akauliza kina mistari mingapi. Bonaventure, aliyekuwa akijua kurasa za kila faili la ofisi, alifungua mdomo akakuta hakuihesabu.

"Sijue, shefu. Miye nilisuka tu."

Mkubwa akawaambia wenzake kwamba huyu hajasoma, wakaenda zao. Térence alilia kwa furaha. Bonaventure naye alilia, ila yeye ni kwa kuambiwa hajasoma.

Serikali iliporudi, aliufukua mhuri, akakalia kiti chake. Barua ya kwanza aliitolea nakala tano. Moja iliuliza habari za mvua, nyingine ilimsalimu mke wa mwandikiwa, na hakuna mbili zilizokwisha kwa namna moja. Mkuu wa ofisi akamwita, akauliza ipi ndiyo yenyewe. Bonaventure akajibu kwamba zote ni halali, ila ya tatu ndiyo nzuri.

Barua ya kumfukuza ilikuja kwa nakala mbili. Alizilinganisha mstari kwa mstari, akaona zinafanana kabisa, akamwonea huruma aliyeziandika.