Ratiba ya Kocha Kifua

Mdogo wangu anaitwa Kocha Kifua, na jina hilo alijipa mwenyewe. Wengine hubandikwa majina ya utani na wenzao. Yeye aliamka siku moja, akajitazama kwenye kioo, akaridhika, akajibatiza. Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi, haitiki.

Kabla ya hapo aliuza viatu, akachoka. Akaendesha pikipiki, akachoka. Akawa mlinzi wa ghala kwa wiki sita, wakamfukuza kwa usingizi. Alipopangisha chumba juu ya karakana ya kuchomelea, akaingiza vyuma vya kunyanyua, magodoro mawili na vioo vitatu vikubwa, mama alishukuru kwamba mtoto ametulia. Mimi nilivihesabu vile vioo, nikajua hiyo jimu imefunguliwa kwa faida ya nani.

Ratiba yake ilikuwa karatasi moja, imefunikwa kwa plastiki na kubandikwa ukutani. Kuchuchumaa na chuma mabegani mara hamsini, pushapu hamsini, kusukuma chuma juu ya kichwa hamsini. Mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu alipewa karatasi ile. Mama aliyejifungua majuzi, karatasi ile. Dereva wa lori asiyeweza hata kuinama kufunga kamba za viatu, karatasi ileile. Kifua alisimama mbele amewapa mgongo, akiwahesabia kwa sauti huku akiukaza mkono wake mbele ya kioo. Mtu angepinda mgongo mpaka basi, yeye hana habari. Akilalamika kwamba anaumia, jibu lilikuwa tayari: "Ukiumia ujue inaingia!" Na watu wazima wenye akili zao walimpigia makofi.

Mimi ni fundi cherehani, chumba changu kinatazamana na ngazi zake. Kila anayeingia kwangu nampima upya, hata kama nilimshonea mwaka jana, kwa sababu miili haikai mahali pamoja. Huyu bega moja limeshuka, yule nyonga imekwenda upande. Nikiwakatia watu arobaini nguo kwa kipimo kimoja, watanirudishia zote arobaini, na matusi juu. Kifua aliwaharibia miili yenyewe, wakamwita kocha.

Baba yetu ni fundi wa plasta, miaka sitini na miwili, na sifa yake ni dari. Mwaka ule alipewa dari za shule mpya, vyumba kumi na viwili, kazi ianze baada ya miezi miwili. Aliitamani kazi ile kuliko zote alizowahi kuzifanya. Alisema akimaliza dari hizo atashuka mwenyewe kwenye jukwaa la kupigia plasta, kabla hajaambiwa na mtu ashuke. Tatizo ni kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kuwa mzito. Akaenda kwa mwanawe.

"Nataka nguvu ya kudumu," alimwambia. "Siyo ya kujionyesha."

"Baba, hapa umefika penyewe," alijibu Kifua, akamwonyesha karatasi.

Wiki hiyohiyo nilimpima baba shati. Bega la kulia lilikuwa chini ya lenzake kwa vidole viwili. Nilipomwambia anyooshe mkono juu, alipinda kiuno chote upande ndipo mkono ukafika. Niliweka futi mezani, nikavuka barabara, nikapanda ngazi.

"Bega la baba haliko sawa," nilimwambia Kifua. "Mkono unapandishwa na kiuno, siyo bega. Mtazame kwanza kabla hujampa chuma."

"Dada, we shona nguo. Misuli niachie mimi."

"Nimesema mtazame tu."

"Nimemtazama miaka thelathini!"

Wateja wake wakaangua kicheko. Nilishuka ngazi, nikajiapiza kwamba sitafungua tena mdomo wangu, nisubiri tu siku atakapoumbuka mbele ya haohao waliocheka. Kila asubuhi nilimwona baba kupitia dirishani akishuka ngazi zile, mkono wa kulia ameushika kwa wa kushoto. Wateja wangu wakimsifia kocha, niliwaambia, "Mtaona."

Wiki ya tano tukaona. Baba alikuwa anasukuma chuma juu ya kichwa, amefika thelathini na kitu, bega likaachia. Kifua alikuwa kwenye kioo. Alijua kuna jambo baada ya chuma kupiga sakafu.

Hospitalini tulipelekwa kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi asiye na misuli ya kumwonyesha mtu. Kwa nusu saa hakumpa baba zoezi lolote. Alimwambia atembee, akae, asimame, aonyeshe anavyoshika mwiko, anavyosimama jukwaani. Kisha akampa mambo matatu madogo: kutembeza vidole ukutani mpaka usawa wa macho, kuvuta mkanda wa mpira taratibu akiwa ameketi, na kusimama bila kupinda kiuno. Kifua akatoa simu aandike.

"Kwa hiyo hii ndiyo ratiba ya wazee?" akauliza.

"Hii ni ya huyu," alisema mtaalamu, wala hakuinua kichwa.

Nilicheka kwa sauti pale pale, mgonjwa wangu akiwa kitandani. Nilikuwa nimekingoja kicheko kile kwa wiki tano.

Mtaalamu alisema mkono utarudi wa kula na kuvaa, labda na wa kuta za chini. Dari, hapana. Shule wakampa kazi fundi mwingine.

Siku baba alipokuja kujaribu shati lake, nilimsema Kifua mpaka nikaishiwa pumzi. "Nilimwambia, baba! Siku ileile niliyokupima. Niliona wazi bega halifanyi kazi, nikamwambia mbele ya watu wote, akanicheka!"

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

Baba alikuwa anafunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Alimaliza cha mwisho ndipo akaniangalia.

"Yeye ulimwambia," alisema. "Mimi mwenye bega, mwanangu, mbona hukuniambia?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa namsubiri Kifua aumbuke, na kwa wiki tano zote sikumfikiria baba hata siku moja.