Nani Anarusha Filamu Mbele?

Nichekeni tu, nastahili. Ukumbi wangu wa filamu hapa Rangwe una vyumba viwili. Ili kurahisisha mambo, niliunganisha TV zote kwenye akaunti moja ya filamu, nikaondoa nywila. Tangu hapo filamu zikawa zinaruka mbele zenyewe. Nikamshuku Akinyi, mkata tiketi, nikawa nachunguza hata vidole vyake.

Jana nikamlipukia mbele ya wateja. "Akinyi, unaniharibia biashara!"

"Haki ya Mungu, bosi, sijagusa kitu!"

Nikaketi kwa hasira. Filamu ikaruka.

"Hebu simama," mama mmoja akaniambia. Ikatulia. "Sasa kaa." Ikaruka tena.

Akinyi akanyoosha mkono. "Bosi, leta hiyo simu iko kwa mfuko ya nyuma."

Niliiunganisha na TV mwenyewe iwe rimoti, nikasahau; kila nilipokaa, niliibonyeza. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama makalio yangu.