Hina ya Tima

Zamani, bi harusi wa Kiislamu hapa Kitui mjini hakuolewa bila hina ya Tima. Miwani ilimteleza akiinamia mikono ya mabibi harusi, basi akanunua lenzi za kuvaa ndani ya macho. Alikuwa akilala nazo, na asubuhi akizisuuza kwa maji ya tangi. Jicho la kushoto likavimba, likamuuma kama limeingia mchanga.

"Vijidudu vya maji vimekula kioo cha jicho," daktari alimwambia. "Kovu litabaki."

Sasa jicho hilo huona ukungu tu, na kuchora ameacha. Anachokosa zaidi ni wanawake kuimba uani huku hina ikikauka.

Juzi Ummi, aliyechorwa na Tima miaka ile, alimleta binti yake anayeolewa.

"Mchoree wewe, dada."

"Maua madogo siwezi tena."

"Mchoree makubwa."

Tima akacheka, akaanza kuchanganya hina.