Tairi Lililotangulia Ikinga

Mwaka 2004 Ambakisye alichuuza ndizi, na baiskeli yake ilipanda mlima wa Ikinga juu ya Fuso la Ashraf, kwa kuwa mwenyewe hakuwa na gari wala mapafu ya kupandia. Kushuka alipita njia ya miguu, mikungu nyuma, akifunga breki kwa kandambili.

“Mjomba, iko siku baiskeli itatangulia kufika,” Ashraf alimtania.

“Itanisubiri.”

Asubuhi moja ya ukungu aliteremshwa kileleni. Mvua ilikuwa imefuta nyayo zote njiani, ila palikuwa na mstari mbichi wa tairi ulioteremka, wenye alama ya fundo kila hatua chache. Tairi la nyuma la baiskeli yake, lililopasuka, alikuwa amelifunga kwa mpira wenye fundo kama hilo. Akaigeukia baiskeli. Ilikuwa mkononi mwake, haijagusa njia.

Akaikokota, akiufuata mstari. Kwenye kona ya korongo njia ilipinda kushoto. Mstari ulinyooka.

Akainama ukingoni, akapiga hodi. Hakuna aliyemkaribisha.

Tangu hapo hushuka akiikokota. Mkewe, Ruti, humuuliza baiskeli ni ya nini basi. Hujibu kwamba hataki itangulie.